Pikapu ya Land Rover huko Gongoni: ni ya mwaka gani, na je, tuinunue?

Mwana wa Barani

Assalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaozijua Land Rover za zamani.

Mimi na ndugu zangu wawili, pamoja na watoto wetu, tumekubaliana kutafuta pikapu moja kuukuu tuifufue pamoja katika uwanja wa nyumba ya mama hapa Barani, kila Jumamosi kidogo kidogo mpaka itembee. Marehemu baba aliendesha Land Rover ya chesisi ndefu kwa miaka mingi, akiteremsha maembe na nazi kutoka Magarini hadi sokoni Malindi, na harufu ile ya petroli iliyochanganyika na maembe mabivu ndiyo inayotusukuma zaidi kuliko hesabu yoyote ya faida.

Wiki iliyopita tulionyeshwa moja huko Gongoni, imeegeshwa chini ya mkorosho, na haijatembea kwa muda ambao mwenyewe hakutaka kuutaja vizuri. Anasema ni ya mwaka 1968 na kwamba ilikuwa ya mzungu mmoja, maneno ambayo nimekwisha kuyasikia kuhusu kila gari kuukuu la pwani hii. Nilichokiona ni kwamba taa kubwa zimo kwenye madigadi ya mbele, wavu wa kupitisha hewa ni wa plastiki nyeusi, lakini saa ya mwendo na geji zimo katikati ya dashibodi wala si mbele ya dereva. Ndani ya kabini kuna kibati chenye namba inayoanza na 913, na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, ina namba hiyo hiyo na inataja mwaka 1974. Anataka laki tatu na nusu. Je, hili ni gari gani hasa, na nitazame nini kabla ya kutoa pesa za watu watatu?

Fundi Mstaafu, Maweni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, maana wengi huniletea swali hili gari likiwa tayari limevutwa kwa kamba hadi mlangoni pangu.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na tangu hapo hadi 1985 zilitoka katika mifululizo ambayo kwa mbali hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Mfululizo wa pili ulianza 1958, ukafuatwa na ule tunaouita Two A mwaka 1961, kisha wa tatu mwaka 1971. Gari lako, kwa maelezo yako, lina alama za pande mbili. Geji za katikati ni za Two A, kwa sababu mfululizo wa tatu ulizihamishia mbele ya dereva na kuongeza plastiki kwenye dashibodi. Wavu wa plastiki ni wa mfululizo wa tatu, kwani Two A ilikuwa na wavu wa chuma, na nyanya wengi waliutumia kuchomea samaki baada ya gari kufa. Hata kwetu upo mmoja. Taa hazikusaidii sana. Zamani zilikaa katikati karibu na wavu, na ni mwishoni mwa miaka ya 1960 tu ndipo zilipohamishiwa kwenye madigadi, kwa hivyo Two A za mwisho na zote za mfululizo wa tatu zina taa mahali pamoja.

Usihukumu kwa vitu hivyo, basi, kwa kuwa vyote hufunguliwa kwa spana na kufungwa kwenye gari jingine kwa asubuhi moja. Hata giaboksi hubadilishwa. Ile ya Two A inasaga meno ukiingiza gia ya pili bila kukanyaga klachi mara mbili, na ya mfululizo wa tatu inakubali gia zote nne za mbele kwa upole, lakini nimeona Two A nyingi zenye giaboksi ya ndugu yake mdogo.

Kibati cha kabini pia hakitoshi, kwani kimeshikwa kwa riveti chache tu. Namba inayosema kweli imepigwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi, mbele upande wa kulia, kwenye ile pembe inayoshikilia ncha ya springi. Chukua brashi ya waya, mafuta ya taa na kitambaa, ukwangue rangi polepole. Usitumie mashine ya kusagia, maana utaifuta namba na kujitia katika matatizo makubwa zaidi. Tarakimu tatu za kwanza ndizo zinazotaja aina. Kwa chesisi ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli na usukani wa kulia, Two A huanza na 251, 252 au 253, na mfululizo wa tatu huanza na 911, 912 au 913. Ya tatu kati ya hizo ikiwa 3, maana yake gari lilisafirishwa vipande vipande likaunganishwa nje ya Uingereza. Kwa hivyo 913 si namba ya ajabu. Kuanzia mwishoni mwa 1979 namba zikawa ndefu na zenye herufi nyingi, lakini hilo halikuhusu.

Ukishapata namba iliyo kwenye pembe hiyo ya chesisi, ilinganishe na kibati, kisha na logibuku. Zikipatana zote tatu, njoo tuzungumze habari za injini.

Mtu wa Mokowe

Naafikiana na mzee wangu wa Maweni, ila mimi ningetanguliza kutu kabla ya namba. Watu hunicheka kwamba mtu wa Lamu ana habari gani za magari ilhali mjini kwetu mizigo hubebwa na punda. Lakini gari langu hukaa hapa bara, Mokowe, na nimelipia ujinga wangu.

Bodi ya Land Rover ni ya alumini iliyochanganywa na magnesi, kwa sababu baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa kwa mgao huko Uingereza na alumini ilikuwa tele. Ndiyo maana bodi yake hudumu hata pwani, na ndiyo maana pia watu hudanganyika, kwani huona madigadi safi wakadhani gari lote ni zima. Chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma, mabamba manne yaliyochomelewa kuwa kama boksi refu lenye uwazi ndani, na chumvi ikishaingia humo hula kutoka ndani kwenda nje. Mimi nilinunua yangu ikiwa imepakwa lami nyeusi inayong'aa, nikafurahi kwamba mwenyewe aliitunza. Siku moja nikitoka kijiji cha Hindi na mzigo wa boriti, pale springi ya nyuma inaposhikana na chesisi pakang'oka kama mkate mkavu, na kumbe lami ilikuwa imefunika kutu iliyozibwa kwa vitambaa na magazeti. Boriti zote zilimwagika, na nikalala njiani.

Wewe unanunua Gongoni, na Gongoni ni mji wa mashamba ya chumvi. Uliza bila haya kama gari hilo liliwahi kufanya kazi ya chumvi, kisha usiyaamini majibu. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kila shubiri moja. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Anzia boriti ya nyuma kabisa ya chesisi, hiyo ndiyo hufa kwanza, kisha mashikio ya springi, kisha mikono midogo inayotoka pembeni kushikilia bodi. Nenda na sumaku pia. Kwenye uso wa nje wa madigadi na milango isishike popote. Ikishika, kuna kiraka cha bati la chuma, na mahali chuma na alumini vinapokutana utaona unga mweupe. Ukuta unaotenganisha injini na kabini ni wa chuma, kwa hivyo utazame miguuni pa dereva ukiwa umeinua zulia.

Jambo moja dogo: kama ni Two A ya kabla ya 1967 au karibu na hapo, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Msiunge betri kabla ya kuhakikisha. Na watoto wapewe spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya bolti zote.

Bi Karani

Nimefanya kazi ya kuwaandikia watu fomu za magari kwa miaka mingi, kwa hivyo mimi nitasema habari za karatasi tu.

Logibuku mkononi mwa muuzaji si ushahidi kwamba gari ni lake. Tafuteni kumbukumbu za gari kwa namba yake ya usajili kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mtazame jina la mwenye gari, namba ya chesisi na namba ya injini. Gari la miaka hiyo lingepaswa kuwa na namba za zamani, yaani herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho. Jina likiwa la mtu aliyefariki, hakuna wa kusaini kuhamisha umiliki mpaka warithi wapate hati ya kusimamia mirathi, ama mahakamani ama kwa Kadhi hapa Malindi kama marehemu alikuwa Mwislamu; na hilo linaweza kuchukua muda mrefu kuliko kufufua injini yenyewe. Msikubali maneno ya kwamba "tutamalizana baadaye". Na asiwashawishi mtu kupiga namba upya kwenye chesisi ili ipatane na karatasi. Hilo ni kosa mbele ya sheria, hata kama nia yenu ni njema.

Mwana wa Barani

Nawashukuru sana. Tulirudi Gongoni jana, watu wazima watatu na watoto wote, na brashi ya waya, nyundo na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu.

Namba iliyo kwenye pembe ya chesisi inaanza na 253. Si 913 kama kibati na logibuku. Tuliisoma sote, hata binti yangu wa miaka 9, tusije tukaona tunachotaka. Kwa hivyo huyu mzee niliyemdharau kwa maneno yake ya 1968 huenda alikuwa karibu na ukweli kuliko karatasi zake. Tulipomwuliza alikaa kimya kidogo, kisha akasema kaka yake aliwahi kuwa na Land Rover mbili, na moja "ilikatwakatwa". Jina kwenye logibuku ni la huyo kaka, ambaye yuko hai na anaishi Mambrui.

Nyundo haikutupa habari njema. Boriti ya nyuma imeoza, na shikio moja la springi linatikisika. Bodi iko vizuri ajabu, sumaku haikushika uso wa nje wa madigadi wala milango, ila ule ukuta wa injini ilishika.

Sasa, mpwa wangu alipokuwa akimfukuza kuku nyuma ya nyumba, alikuta tangi la maji limekalia fremu ndefu ya chuma yenye pembe mbili mbele. Tukalala chini kwa tumbo na brashi. Inaanza na 913, na tarakimu zilizobaki ndizo zilizo kwenye logibuku.

Fundi Mstaafu, Maweni

Basi mmeipata gari yenyewe, imebeba maji. Gari lenu la chini ya mkorosho ni Two A ya miaka yake ya mwisho, bodi, dashibodi na taa zote zake. Mtu akaliongezea wavu wa plastiki, kibati na karatasi za ndugu yake.

Msinunue 253 pekee kwa karatasi za 913. Lakini chesisi hizi mbili zinakaribiana sana, na bodi ya moja hukaa juu ya nyingine kwa kurekebisha mabano machache. Ikiwa ile ya chini ya tangi ni nzima, mkaiondoa, mkaisafisha na kuivika bodi hii, chesisi yenu itapatana na logibuku bila kugusa namba yoyote. Itakuwa ya 1974 iliyovaa uso wa kaka yake, na baadhi ya wakusanyaji watakunja pua, mimi sitakunja. Linganisheni pia namba ya injini, iko upande wa kushoto wa bloku karibu na mbele. Isipopatana na kumbukumbu, badiliko hilo lisajiliwe kwa utaratibu.

Maji ya tangi yamekuwa yakiidondokea kwa miaka mingapi? Hilo ndilo swali lililobaki.

Bi Karani

Nendeni Mambrui kwanza. Huyo kaka ndiye muuzaji wenu, wala si huyu wa Gongoni, na ni yeye wa kusaini. Mpateni akiwa hai na mwenye afya.

Mwana wa Barani

Tumemwona leo baada ya alasiri. Amekubali kusaini, na ameshangaa kwamba logibuku yake bado ipo duniani. Bei ameishusha hadi laki mbili na nusu kwa vyote viwili, kwa sharti kwamba tumjengee mdogo wake kikalio kipya cha tangi cha mawe kabla ya kuchukua fremu. Mama anauliza kama hii ina taa pale zilipokuwa za baba; nimemwambia ndiyo. Jumamosi tunakwenda na saruji, na nyundo ya Mtu wa Mokowe.