Tupeane uzoefu: kutambua nyota kwa kitabu cha mfukoni

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu kuhusu vitabu vidogo vya kutambulia nyota, hasa sisi tunaoishi karibu na ikweta, kwa kuwa vingi vimechorwa kwa ajili ya anga la Ulaya na Marekani. Mimi niko Dar es Salaam, na kitabu changu kinaanza na Nyota ya Kaskazini, ambayo hapa haichomozi kamwe. Naona ni heri kuanza na Jabari, yaani kundi la nyota la Orion, ambaye mwezi Februari, mnamo saa mbili usiku, huwa karibu na utosi. Kitabuni amesimama wima, lakini kwetu huchomoza akiwa amelala ubavu, kwa hiyo nakizungusha kitabu mpaka zile nyota tatu za mkanda wake zilingane na za angani. Ukiufuata mstari wa mkanda huo upande mmoja unafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Upande wa pili unapita nyota ya Aldebaran na kufika kundi la nyota la Kilimia.

Mchangiaji, Tanga: Ahsante kwa mada. Wanaoanza wazingatie kwamba ramani ya nyota husomwa ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa. Ukiilaza mezani, mashariki na magharibi zinaonekana zimebadilishana. Tochi yangu nimeifunga karatasi nyekundu ya pipi, kwa sababu jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huharibu mazoea hayo papo hapo.

Mchangiaji, Mtwara: Mimi naipenda Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ambayo jioni za Mei huonekana vizuri sana upande wa kusini. Magharibi yake kuna msalaba mwingine, mkubwa na hafifu zaidi, unaowapoteza wengi. Salibu ya kweli hufuatwa na nyota mbili angavu, Alfa na Beta Kentauri. Mti wake mrefu ukiurefusha mara nne na nusu kuelekea chini, unafika kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo huku Mtwara iko nyuzi 10 tu juu ya upeo, yaani upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa.

Mchangiaji, Mombasa: Nyongeza fupi. Ukiona nyota angavu isiyometameta, na kitabu hakina habari zake, huenda ni Zuhura au Mshtarii, kwani sayari huhama na haziwezi kuchapwa kwenye ramani ya kudumu.