Mwaka wa pili takwimu, nataka kufanya utafiti na profesa, naanzia wapi?

mwaka_wa_pili
Wakuu habari zenu. Nasoma takwimu, probabiliti nimemaliza, sasa hivi ndo tuko kwenye regresheni, na R, ile programu ya takwimu, naijua kiasi cha kufungua data na kuchora grafu. Nafikiria masta huko mbele kwa hiyo nataka nipate utafiti na mwalimu wa idara mapema, sasa nikifungua makala zao nakuta Bayesi sijui data za dimensheni nyingi, ukurasa wa kwanza tu nishapotea. Nimetuma imeli kwa maprofesa karibu wote, ileile moja, "naomba nafasi yoyote ya utafiti", kimya. Hivi watu wa digrii ya kwanza wanachukuliwa kweli au ni mapambo ya tovuti? Na wanaangalia matokeo au nini?

mama_variansi
Wanachukuliwa, ila hiyo imeli mdogo wangu hata mimi ningeipita. Ukisema "nafasi yoyote" profesa anaelewa yeye ndo atafute kazi, aipunguze ikutoshe, akufundishe halafu aikague, na muda huo hana. Chagua mmoja, wawili wakizidi. Makala yake usianze kuisoma mwanzo, nenda kwenye simulesheni huko karibu na mwisho, yaani majaribio ya data za kutengenezwa na kompyuta, pale wanaeleza data wamezitengenezaje, sampuli ya ukubwa gani, wamerudia mara ngapi. Jaribu kupata jedwali moja tu kwa R yako. Namba zikikaribiana una cha kumwandikia, zisipokaribiana ndo una swali, na swali la hivyo anajibu haraka kuliko sifa za matokeo yako.

thibitisha_kwanza
Mi napinga. Asubiri amalize takwimu za kihisabati, bila hivyo ataishia kusafisha data za watu muhula mzima, anarekebisha tarehe zilizoandikwa ovyo, na jina lake halitokei popote. Utafiti wa takwimu ni kuthibitisha kwa hisabati, mengine ni ukarani.

sampuli_ndogo
Mkuu hapo umekaza mno. Dogo jaribu hii leo usiku: konfidensi intavali ya 95% ya uwiano, yaani masafa yanayotakiwa kuushika uwiano wa kweli mara 95 kati ya 100, ile ya darasani, kadirio jumlisha na toa 1.96 mara kosa sanifu (kipimo cha kadirio linavyoyumba). Weka sampuli ya 20, uwiano wa kweli 0.05, rudia mara 10,000 uone ni mara ngapi intavali imeushika ule uwiano. Unategemea 95%, unakuta kama 64%!! Sababu wala haihitaji kozi ya mbele: uwezekano wa kupata sifuri ni 0.95 kipeo cha 20, karibu 36%, na ukipata sifuri intavali inaanzia sifuri inaishia sifuri, imekufa. Sasa weka intavali ya Wilson, fomula nyingine ya 1927, kwenye data hizohizo ulinganishe. Brown, Cai na DasGupta waliandika makala nzima 2001 juu ya jambo hili. Halafu usisahau set.seed, ile amri ya R ya kufunga namba za bahati nasibu, ili mwingine akirudia apate namba zako, na usirudie mara 100 tu ukaona umemaliza, maana hapo kosa sanifu la hiyo 64% ni karibu asilimia 5, ila kwa mara 10,000 linashuka mpaka kama nusu asilimia.

Kusafisha data nako sio adhabu, ukiona thamani zilizokosekana zimejikusanya kwenye kundi moja la watu, hapo utafiti umeshaanza. Ila muhula mzima hapana, hilo nakubali.

thibitisha_kwanza
Haya, hiyo ya sifuri nimeipenda. Lakini akishaiona kwa kompyuta akaithibitishe kwa mkono, inawezekana kabisa.

mwaka_wa_pili
Asanteni sana, nimeiendesha imetoka 0.638 😳 Sasa imeli iwe ndefu kiasi gani, na ishu ya malipo naiulizaje bila kuonekana nina tamaa?

mama_variansi
Mistari sita. Umesoma nini chake, umejaribu nini, grafu moja umeambatanisha, una saa ngapi kwa wiki. Malipo subiri mkikutana, uliza tu wazi kama ni kredits za kozi, hela ya ruzuku au ni bure, kila mwalimu ana utaratibu wake. Walioko Marekani wana REU, programu za utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, za National Science Foundation (shirika la serikali la kufadhili sayansi) ambazo zinalipa, ila pesa hizo kwa kawaida ni za raia na wakazi wa kudumu. Na kabla hujaanza kazi uliza jina lako litakaa wapi, kwa waandishi au kwenye shukrani.