Wakuu, naomba ushauri: darubini ya inchi 8 na siga usiku mmoja, nipange vipi?

NyotaKongwa:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hii ya mwezi wa saba hakuna mwezi angani, na wageni sita wanakuja shambani upande wa Kongwa, Dodoma, kuangalia nyota. Kila mmoja nimemwandalia siga, robusto ya inchi 5. Darubini ni ya Dobson (bomba la kioo linalokaa juu ya kitako cha kuzungusha kwa mkono), kioo inchi 8, urefu wa fokasi milimita 1200, lenzi za jicho ni za milimita 25 na 10. Desemba tuliangalia kundi la nyota la Omega Centauri saa tatu usiku huku tunavuta, picha ikawa inacheza kama iko ndani ya maji ya moto. Swali ni moja tu: mvutaji akae umbali gani? Nina wasiwasi mambo yasije yakajirudia mbele ya wageni.

KiooSafi:
Mkuu, moshi ni sehemu tu ya tatizo. Joto la watu waliozunguka mdomo wa bomba nalo hupanda mbele ya kioo, na kioo chenyewe kikiwa bado na joto la mchana hakitulii. Itoe nje jua likishazama kabisa, fungua mfuniko, iache kama saa nzima kabla ya kutumia lenzi ya 10. Anza na ya 25, inakuza mara 48, haionyeshi sana mtikisiko.

Viti: msimu huu upepo ni kusi, unatoka kusini-mashariki. Darubini iwe upande unakotoka upepo, wavutaji wakae kaskazini-magharibi yake, hatua 20 au zaidi. Lami ya tumbaku ikitua kwenye kioo hunata, kisha vumbi linashikamana nayo.

Darubini ni yako?

Kilimia:
Umbali si kitu kama macho hayajazoea giza. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30, na mwali mmoja wa kiberiti unakurudisha mwanzo. Sasa fikiria watu sita, kila mmoja anawasha kwa wakati wake. Hapo hakuna atakayeona kitu hafifu usiku kucha.

Halafu moshi una kaboni monoksaidi, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na seli za jicho zinazoona gizani zinahitaji oksijeni nyingi. Kwa hiyo vitu hafifu kwanza, siga baadaye. Robusto inakaa dakika 45 hadi saa moja. Iwe ndiyo ya kufungia ratiba. Tochi iwe nyekundu na hafifu. Simu zibaki mfukoni.

Mfugaji wa Bonde:
Kongwa mwezi wa saba nyasi ni kavu mkuu! Fyeka na ufagie duara la mita 5 kuzunguka viti hadi ubaki udongo mtupu. Weka ndoo mbili za mchanga na dumu la maji. Majivu yaingie kwenye kopo la bati lenye mchanga, si chini. Na upepo huohuo unaowasaidia kwa moshi ndio utakaobeba cheche, basi hakikisheni kaskazini-magharibi ya viti hakuna nyasi ndefu wala zizi.

MzeeRobusto:
Naona wote mnaongelea darubini, siga zenyewe hakuna anayezijali. Hewa ya huko ni kavu, jani la nje litapasuka. Zitunze kwenye kopo la mfuniko unaobana, na kipakiti cha unyevu cha asilimia 65 hadi 69. Usizitoe mapema. Kata milimita 2 tu za kichwa, ile ncha ya mdomoni. Ukikata zaidi jani linafumuka. Mwali usiguse siga: izungushe juu yake hadi duara lote liwe jekundu. Pafu moja kwa dakika linatosha, ukiharakisha inakuwa chungu. Ukimaliza usiiponde, iache izime yenyewe ndani ya kopo.

KiooSafi:
NyotaKongwa, hujajibu. Darubini ni ya nani?

NyotaKongwa:
Ni ya klabu ya sayansi ya sekondari moja hapa wilayani. Mwalimu ameniazima, kama alivyoniazima Desemba. Sikutaja kwa sababu swali langu ni la moshi. Siga hajui, lakini sioni kosa, tutakuwa nje kwenye hewa wazi na nitairudisha safi. Wageni wameshathibitisha, siga nimeshanunua, siwezi kurudi nyuma. Kioo kina utando wa kahawia kwa mbali, nadhani ni vumbi.

Mwl Subira:
Ndugu yangu, hiyo ni mali ya watoto. Mpigie mwalimu leo, mwambie kila kitu ikiwemo siga, na akikataa ukubali. Mwanafunzi anayeona pete za Zohali kwa mara ya kwanza hastahili kuziona kupitia lami yako.

Darubini Kavu:
Nanusa chai hapa. Omega Centauri Desemba saa tatu usiku? Kutoka Kongwa, Desemba kundi hilo hutokeza kati ya saa saba na saa tisa usiku. Saa tatu iko chini ya upeo. Mtu ametunga kisa, nasi tumeshafyeka nyasi.

Kilimia:
Ngoja kwanza. Saa hizo Desemba, kusini kuna kundi jingine kubwa la nyota, 47 Tucanae. Wengi huyachanganya hayo mawili. Mkuu, pembeni yake palikuwa na kitu?

NyotaKongwa:
Palikuwa na wingu dogo jeupe, linaonekana hata bila darubini.

Kilimia:
Hilo ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Basi ilikuwa 47 Tucanae, nayo ilikuwa nyuzi 20 na kitu tu juu ya upeo. Chini hivyo mwanga unapita hewa nene, picha lazima icheze hata bila moshi. Jumamosi Omega Centauri yenyewe itakuwa nyuzi 40 hivi saa mbili usiku, kusini. Anza nayo.

Darubini Kavu:
Sawa, hiyo inaingia akilini. Naondoa neno chai.

KiooSafi:
Turudi kwenye utando. Huenda si vumbi tu, ni lami ya tumbaku, na kioo hicho kisiguswe bila ruhusa ya mwalimu. Akiruhusu: toa kioo pamoja na kishikio chake, mwagia maji ya bomba ya uvuguvugu vumbi litoke, kisha tone la sabuni ya vyombo. Buruta pamba safi kwa uzito wake wenyewe, mstari mmoja, tupa, chukua nyingine. Usikandamize, utando wa alumini unakwaruzika. Suuza na maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), si asidi, soma chupa. Kisimamishe kwa ubavu kikauke, usikifute. Kisha lazima vioo vya darubini vilinganishwe upya, yaani vielekezwe sawasawa.

NyotaKongwa:
Nitampigia kesho asubuhi. Siga sizifuti, ila nazipeleka saa nne na nusu, darubini ikishafungwa.

KiooSafi:
Ifunikwe na iingizwe ndani kabla ya kiberiti cha kwanza. Na mwalimu muulize kama ana kifaa cha kulinganisha vioo. Kama hana, usikioshe kabla ya Jumamosi.