Mafunzo kazini katika Bunge la jimbo la Washington: je, kupokea simu kunamfundisha mwanafunzi sera?

Mwanafunzi wa Tacoma aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa hapa Tacoma, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwalimu wangu ananihimiza niombe nafasi ya mafunzo kazini katika Bunge la jimbo la Washington kule Olympia, kwa kikao kitakachoanza Januari 2027. Nafasi hizo hupewa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, zina malipo, na mwanafunzi hufanya kazi kutwa nzima huku chuo chake kikimhesabia krediti.

Shaka zangu ni mbili. Kwanza, nasikia kwamba sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kupokea simu na kujibu barua pepe za wananchi, ilhali ninachotaka mimi ni kujua jinsi sera inavyotungwa. Pili, wazazi wangu, ambao waliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku, hawaelewi kwa nini niache darasa muhula mzima niende kutumwa chai na mwanasiasa. Kama kuna aliyepitia njia hii, naomba anieleze bila kunipamba.

Binti wa Kent alijibu:

Mdogo wangu, mimi nilikuwa Olympia katika kikao cha mwaka 2025, kilichoanza Januari 13 na kufungwa Aprili 27. Simu nilizipokea, tena nyingi. Chai kila mtu alijichemshia mwenyewe, kwa hiyo wazazi watulie. Ofisi yetu ilikuwa na mwakilishi, msaidizi wake mmoja na mimi, basi. Ukipewa simu, ujue hakuna mwingine wa kuipokea.

Mswada uliotukosesha usingizi mwaka ule ulikuwa HB 1217, wa kuweka kikomo cha kupandisha kodi ya nyumba. Siku moja alipiga mama mmoja mstaafu anayeishi katika nyumba za kiwandani, zile zinazoletwa na lori na kuwekwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Nyumba ni mali yake, kiwanja amepanga. Aliniuliza swali moja tu: kikomo hicho kinahusu kodi ya kiwanja, au ya nyumba peke yake? Sikujua. Nilimwomba nimpigie baadaye, nikaufungua mswada, nikausoma kifungu kwa kifungu mpaka macho yakaniuma, kisha nikamwendea mtaalamu wa kamati, mmoja wa wale watumishi wasiofungamana na chama chochote, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo viwanja vya namna hiyo vimetengewa sehemu yao. Nilipompigia yule mama jioni, nilikuwa naufahamu mswada ule kuliko kitu chochote nilichowahi kufanyia mtihani.

Baadaye nilitazama jinsi ulivyobadilishwa na Seneti, Wawakilishi wakakataa mabadiliko hayo, ikabidi kamati ya pamoja ikae. Sheria iliyotiwa saini na gavana Mei 2025 iliweka kikomo cha asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, ikichukuliwa iliyo ndogo. Viwanja kama cha yule mama vikawekewa asilimia 5. Darasani ningeambiwa kwamba mswada "ulifanyiwa marekebisho", nikaandika katika daftari, nikasahau.

Jambo jingine utakalojionea ni namna miswada inavyokufa. Mingi haiuawi kwa kura. Hufa kimya kimya kwa sababu haikupangiwa siku kabla ya tarehe ya ukomo. Usiku wa kuamkia tarehe hizo usipange miadi yoyote.

Mchambuzi wa Bajeti alijibu:

Namheshimu dada aliyetangulia, lakini sikubaliani naye katika kila jambo. Bungeni mwanafunzi huona sera katika hatua ya mwisho, wakati mambo mengi yameshaamuliwa kwingine. Mswada unapowasilishwa, idara za serikali zinazoguswa huulizwa utagharimu kiasi gani na utahitaji watumishi wangapi, na majibu hayo hukusanywa katika taarifa ya gharama. Nimewahi kuona mswada mzuri, usiopingwa na yeyote, ukikwama kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa na mtu ambaye jina lake halijulikani na mpiga kura hata mmoja. Anayetaka kujifunza utungaji wa sera kwa maana yake halisi, ningemshauri atafute nafasi katika idara, akae karibu na watu wanaoandika tarakimu hizo.

Hata hivyo, kwako wewe nitalegeza msimamo kwa sababu ya mwaka wenyewe. Kikao cha mwaka unaogawanyika kwa mbili ni cha siku 60, na mwanafunzi huondoka kabla hajajua milango. Mwaka 2027 ni wa siku 105, na ndipo bajeti ya miaka miwili hupitishwa. Ukienda, omba kuhudhuria vikao vya kamati ya fedha ya kila upande, hata kama mwakilishi wako si mjumbe. Chunga pia barua pepe zako za kazini: zinaweza kuombwa na mwananchi yeyote chini ya sheria ya kumbukumbu za umma, kwa hiyo utani wa ofisini uuache mdomoni.

Mgeni wa Pullman alijibu:

Naongeza kwa faida ya wasomaji wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, maana hali yetu si kama ya muulizaji. Kwetu kazi ya namna hii huhitaji idhini ya CPT, yaani ruhusa ya kufanya mafunzo kazini ungali masomoni, ambayo lazima iandikwe katika I-20, fomu unayopewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza kazini, na kwa kawaida uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo. Mafunzo yenyewe lazima yawe sehemu ya mtaala wako. Atakayetumia miezi 12 ya CPT ya kutwa nzima hupoteza haki ya OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu, katika ngazi hiyo ya shahada. Onaneni na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kutuma maombi, wala msingoje barua ya kukubaliwa.

Mwanafunzi wa Tacoma:

Nawashukuru nyote. Maneno ya mchambuzi yamenigusa, lakini kisa cha yule mama wa kiwanja nilikitafsiri mezani usiku, na mama yangu, aliyewahi kupanga foleni siku tatu kambini ili aulize swali moja, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Kwa hiyo ungekuwa wewe ndiye unayejibu?" Nikamwambia ndiyo. Wiki hii nitakwenda kwa mshauri wa idara yetu nijue krediti zitahesabiwa vipi. Baba naye amesikia kwamba vikao vya kamati huonyeshwa TVW, kituo cha televisheni kinachorusha shughuli za serikali ya jimbo, sasa anataka kujua nitaonekana saa ngapi.

Binti wa Kent:

Mwambie atazame nyuma ya mwakilishi, ukutani. Atakuona umebeba makaratasi.