Lopen ya Kiholanzi ni kutembea ama kukimbia?

Kijana wa Shela: Wadau, natembeza wageni hapa Lamu, Mholanzi anasema lopen ni kutembea, Mbelgiji ananambia kukimbia, nishike lipi? Na wakati uliopita inakuwaje?

Kaka wa Malindi: Wote wako sawa ndugu yangu. Uholanzi ni kutembea, Flanders kule Ubelgiji ni kukimbia. Ik loop (mimi), jij loopt (wewe), hij loopt (yeye), wij lopen (sisi). Ukimuuliza mtu kwa jij, t ya mwisho inaanguka: loop jij? Iliyopita ni liep, wakiwa wengi liepen.

Dada wa Langoni: Ongeza gelopen, umbo lingine la wakati uliopita linaloandamana na ben au heb, hapo ndo patamu, ukitaja ulikoenda ni ik ben naar huis gelopen (nimetembea hadi nyumbani), ukisema tu ulitembea saa nzima ni ik heb een uur gelopen. Hata injini ya boti ikiwaka husema de motor loopt.