Mjadala: Watoto wa nyumba ndogo ya John of Gaunt walistahili kiti cha enzi cha Uingereza?

Wakuu, naleta hii hapa kwa sababu kila ikitajwa naona watu wanaimaliza kwa sentensi moja.

John of Gaunt, mtoto wa Mfalme Edward III, alioa mara tatu. Kwa Blanche (1359) alipata utajiri: baba mkwe akafariki 1361, shemeji yake Maud akafuata mwaka uliofuata, mali yote ya Lancaster ikamwangukia yeye. Kwa Constance (1371) akapata madai ya ufalme wa Castile, huko Hispania. Huku nyuma ana nyumba ndogo, Katherine Swynford, mjane aliyekuwa mlezi wa binti zake. Wakazaa wanne, wakaitwa Beaufort.

Constance alifariki 1394. Januari 1396 Gaunt, mtu wa miaka 55, akamuoa Katherine kule Lincoln. Mabibi wakubwa wa ikulu walinuna kweli, maana sasa ilibidi wampishe atangulie. Na ruhusa ya Papa ilihitajika, kwa kuwa Gaunt alikuwa amemsimamia ubatizo binti wa Katherine. Kanisa lilihesabu huo kuwa undugu!

Papa akawahalalisha watoto. Februari 1397 Bunge nalo likapitisha: wapate cheo chochote kana kwamba walizaliwa ndani ya ndoa. Ila 1407 Mfalme Henry IV, ndugu yao kwa baba, wakati wa kuithibitisha hati hiyo, akachomeka maneno matatu ya Kilatini: excepta dignitate regali, yaani isipokuwa cheo cha ufalme. Wengi hukomea hapo: Beaufort nje.

Mimi sikubali. Kilichopita Bungeni hakifutwi na kalamu ya mfalme peke yake. Tena kule kuchomeka kunamsuta mwenyewe: kama hati ya 1397 ilikuwa tayari imewazuia, aliongeza maneno ya nini?

Na maneno hayo si madogo. Weka pembeni madai ya York, tawi pinzani la ukoo wa kifalme, tubaki na Lancaster, tawi la Gaunt. Kizazi cha Henry IV kilikatika 1471. Kama Beaufort ni halali kwa kila kitu, basi wa kiume hutangulia mabinti, na haki inashuka kwa John Beaufort, mkubwa wa wale wanne, hadi kwa kitukuu wa Gaunt, Margaret Beaufort. Kama 1407 ina nguvu, haki inahamia kwa Philippa, binti wa Blanche aliyeolewa na mfalme wa Ureno. Mwaka 1485 huko alitawala João II, kitukuu wake Philippa. Yaani maneno matatu tu, na mrithi yuko Lisbon.

Wanaomtetea Henry Tudor, aliyetwaa taji 1485, msianze kushangilia. Damu ya Katherine haikumpa upekee wowote: hata Mfalme Richard III, aliyeuawa akipigana naye vita vya Bosworth, bibi yake mzaa mama alikuwa Joan Beaufort. Na Bunge la 1485 lilitamka tu kwamba taji ni la Henry na warithi wake, bila kueleza amelipataje. Nadhani walijua wakieleza watajikwaa.

Maana Margaret, mama yake Henry, alikuwa hai. Aliishi hadi Juni 1509, miezi miwili baada ya mwanawe kufa. Sasa mnaosema Tudor alirithi, nijibuni: alirithi kwa nani?