Wameikata The Great Escape wakatuachia pikipiki!

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi, nisipoandika nitapasuka.

Kuna kituo cha televisheni hapa nchini kilitangaza wiki nzima kwamba kitaonyesha The Great Escape, ile filamu ya 1963 ya mateka wa vita wanaochimba handaki kutoroka kambi ya Wajerumani. Nikamwita kijana wangu wa miaka 14, nikamwambia leo kaa hapa, hii niliitazama na babu yako kwenye kanda. Filamu ina karibu saa 3. Wao wameibana kwenye saa 2, na humo humo matangazo ya sabuni!

Walichokata ni uchimbaji, karibu wote. Zile mbao zinazong'olewa vitandani ili mchanga usiwafukie. Yale makopo ya maziwa yaliyoungwa yakawa bomba la hewa. Ile mifuko ndani ya suruali, wanatembea bustanini wakimwaga mchanga kidogo kidogo na mlinzi yuko pale pale. Hiyo ndiyo filamu yenyewe! Usiku wa kutoka unakaa roho mkononi kwa sababu umehangaika nao tangu ubao wa kwanza.

Wakakata na pini. Yule mghushi wa vitambulisho, Blythe, macho yameisha kwa kazi na anajua wakigundua watamwacha. Anaiweka pini sakafuni, anakariri hatua, kisha mbele ya wakubwa anaenda kuiokota kama mtu anayeona. Anategewa mguu, anaanguka. Donald Pleasence aliyeigiza hapo alikuwa mateka wa Wajerumani kweli, ndege yake ilitunguliwa 1944. Marehemu baba ikifika pale alikuwa hataki mtu aseme neno.

Sasa kilichobaki ni nini? Mwigizaji Steve McQueen akitoroka kwa pikipiki, hapo hawakugusa hata sekunde. Na pikipiki ndiyo ya kubuni! Kule Sagan, kwenye kambi ya kweli ambayo filamu inaisimulia, usiku wa Machi 24, 1944, watu 76 walitoka kwa kutambaa kwenye handaki la zaidi ya mita 100. Hakuna aliyeruka waya na pikipiki. 73 walikamatwa, na kwa amri ya Hitler 50 wakapigwa risasi. Watatu tu ndio waliofika salama. Yaani cha kweli wamekitupa, cha uongo wamekiacha kizima!

McQueen kanaswa kwenye seng'enge, mara taarifa ya habari. Hatukuona wale 50 wakiuawa. Hatukuona maneno ya mwisho yanayosema filamu ni kwa ajili yao. Hata ule mpira ambao McQueen akirudishwa selo anaugongesha ukutani, hakuna.

Nimepiga simu kituoni mara mbili. Naambiwa watazamaji hawapendi filamu ndefu. Waliyemuuliza ni nani? Mimi hawakuniuliza. Wairudie yote, tena waombe radhi, maana kijana wangu aliinuka kwenye kochi anatabasamu, akaniuliza: "Baba, kwa hiyo wale wengine wote walifika kwao?"